Rubani mkuu aliyeambiwa hapana: uchambuzi wa kisa cha ndege namba 232

Tarehe 19 Julai 1989, saa tisa na dakika 16 alasiri, ndege ya United Airlines namba 232 ilikuwa futi 37,000 juu ya mashamba ya jimbo la Iowa, Marekani. Ilitoka Denver na ilikuwa ikielekea Chicago, ndani yake mkiwa na watu 296. Ghafla injini ya pili, ile iliyofungwa mkiani mwa ndege hii ya aina ya DC-10, ikapasuka. Sahani ya titani inayobeba mapanga ya feni ilikuwa na kasoro tangu madini yake yalipoyeyushwa, na kwenye kasoro hiyo ufa ulikuwa ukikua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Siku hiyo sahani ilikatika. Vipande vyake viliutoboa mkia na kuiharibu mifumo yote mitatu ya haidroliki.

DC-10 ni ndege kubwa mno kwa rubani kuiongoza kwa nguvu za mikono. Kila anachofanya kwenye usukani hufikishwa kwenye mabawa na mkia kwa mafuta ya haidroliki yenye shinikizo kubwa. Wabunifu waliweka mifumo mitatu inayojitegemea, ili mmoja ukifa miwili iendelee, na hata miwili ikifa mmoja utoshe kuirudisha ndege ardhini. Kuipoteza yote mitatu kwa pamoja kulihesabiwa kuwa jambo lisilotokea, kwa hiyo kitabu cha dharura hakikuwa na ukurasa wa hali hiyo.

Dakika 44 baadaye ndege ilivunjika ikitua katika uwanja wa Sioux City. Watu 112 walikufa, 184 wakapona. Baada ya ajali, marubani wengine waliingizwa kwenye mitambo ya kuigiza urukaji na kupewa hali ileile, nao hawakuweza kuitua salama. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ikahitimisha kwamba kutua kwa namna ile si jambo ambalo rubani anaweza kufundishwa. Ikaongeza kuwa kazi ya wafanyakazi wa ndege hiyo ilivuka kwa mbali chochote ambacho mtu angeweza kuwadai.

Kisa hiki husimuliwa kama habari za shujaa mmoja, Kapteni Al Haynes. Ukiyafuata maneno ya kinasa sauti cha chumba cha marubani, yaliyohifadhi zaidi ya nusu saa ya mwisho ya safari, unaona kitu kingine, na kwangu hicho ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwa mtu yeyote anayeongoza wenzake. Haynes hakuwa na jibu, na hakujifanya analo. Alichokuwa nacho ni namna ya kukaa kwenye kiti cha mkubwa ambayo iliwaruhusu watu wengine watatu kutoa kila walichokuwa nacho, na kumpinga pale ilipobidi, bila yeyote kusahau nani mwenye dhamana.

Dakika za kwanza

Aliyekuwa akiirusha ndege wakati huo ni rubani msaidizi, William Records. Baada ya kishindo alimwambia Haynes kwamba hawezi kuidhibiti. Alikuwa ameuvuta usukani na kuuzungusha kushoto hadi mwisho, lakini ndege ilikuwa inashuka na kuzidi kulalia kulia. Haynes akaichukua. Usukani wake nao ukawa bure. Hapo akapunguza nguvu za injini ya kushoto na kuongeza za injini ya kulia, na bawa la kulia likaanza kuinuka taratibu. Kuanzia dakika hiyo mpaka mwisho, ndege iliongozwa kwa kutofautisha nguvu za injini mbili zilizobaki. Ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi marefu yasiyokoma, na ilitaka kugeukia kulia tu.

Nasisitiza hapa kwamba Haynes hakuitisha maoni. Kulikuwa na sekunde chache, kiti cha mwenye dhamana kilikuwa chake, akachukua hatua. Wapo wanaofundisha uongozi shirikishi kana kwamba mkubwa hana ruhusa ya kuamua peke yake hata mara moja, na wapo wanaodhani kwamba dharura ikija ushirikishwaji wote unawekwa kando mpaka hali itulie. Kisa hiki kinawakatalia wote wawili. Haynes aliamua peke yake kwa muda ambao hapakuwa na nafasi ya kuuliza, na ndege ilipokubali kidogo tu, akaanza kuuliza. Dharura ilikuwa bado mbichi kabisa. Hiyo mipaka ya muda, pale amri inapokwisha kazi yake na swali linapoanza, viongozi wengi hawaioni, na wengi wao hubaki upande wa amri kwa sababu huko ndiko wanakojisikia salama.

Mhandisi wa ndege, Dudley Dvorak, alikuwa akisoma orodha ya hatua za kuzima injini iliyoharibika. Hatua ya kwanza ilikataa: kishikio cha injini hakikurudi nyuma. Ya pili nayo ikakataa, kishikio cha mafuta hakikusogea. Kisha akaona vipimo vya haidroliki, vyote vitatu, vimesoma sifuri. Haynes akagawa kazi. Yeye na Records washike ndege, Dvorak awasiliane na mafundi wa kampuni walioko ardhini, na yeye mwenyewe azungumze na waongoza ndege. Mafundi hao walikuwa na vitabu, michoro na muda wa kufikiri, lakini walirudia kuuliza kama kweli mifumo yote mitatu imekufa. Hawakuweza kuamini. Msaada wao ulikuwa mdogo sana, na Haynes hakuruhusu kazi ya chumba kile isimame ikisubiri jibu kutoka kwao.

Mtu wa nne kutoka viti vya abiria

Miongoni mwa abiria alikuwamo Denny Fitch, rubani wa kampuni hiyohiyo aliyekuwa mwalimu na mkaguzi wa marubani wa DC-10. Alikuwa safarini tu, hakuwa kazini. Alipotambua kuwa mambo yamekwenda vibaya, alimwambia mhudumu wa ndege awaarifu marubani kwamba yuko tayari kusaidia. Haynes aliposikia akasema aje.

Kwanza alimrudisha nyuma akaangalie mabawa kupitia madirishani. Fitch akarudi na habari kwamba hakuna kinachosogea. Kisha Haynes akamkabidhi vishikio vya injini. Sababu yake ilikuwa ya kazi tupu: Haynes na Records walikuwa wameshika usukani kwa nguvu zao zote, na kuvigusa vishikio kwa mkono mmoja mmoja hakukuwapa wepesi uliotakiwa. Mtu aliyekaa katikati yao angeweza kushika kishikio cha injini ya kushoto kwa mkono mmoja na cha kulia kwa mkono wa pili, akavitofautisha kadiri ndege inavyoyumba.

Fikiria alichokabidhi. Vishikio vile vilikuwa ndio usukani wa pekee uliobaki. Haynes alikuwa na umri wa miaka 57, ameitumikia kampuni tangu 1956, na saa zake za kurusha ndege zilikaribia 30,000. Ndege ilikuwa yake kwa sheria na kwa desturi. Fitch hakuwahi kufanya naye kazi. Kinasa sauti kinaonyesha kwamba kutajiana majina kulikuja baadaye, wakati mikono ya Fitch ilikuwa tayari imeshaizoea kazi. Mtu mwingine katika nafasi ya Haynes angempa mgeni kazi ya pembeni, akamshukuru, na kubaki na vishikio vyake. Hakuna ambaye angemlaumu. Ila idadi ya waliopona ingekuwa nyingine.

Kuna tukio dogo la dakika za baadaye ambalo halitajwi sana, nami naliona kubwa. Fitch alikuwa akifanya kazi hiyo bila kiti chake. Walipokaribia uwanja, Dvorak alimuuliza kama anataka kiti cha mhandisi. Fitch akauliza kama hatajali. Dvorak akajibu kuwa hajali, kwani anaona mwenzake anaelewa anachokifanya pale. Akahama, akakaa kiti cha ziada. Mtu aliyekuwa akienda kugonga ardhi kwa kasi ya kutisha alitoa nafasi yake kwa sababu kazi ilimhitaji mwingine pale, na hakuna aliyemwamuru. Haynes hakulazimika kuamua jambo hilo. Timu ikifikia mahali ambapo watu wanahamisha viti wenyewe kwa kufuata kazi inakwenda wapi, kiongozi wake ameshafanya sehemu kubwa ya wajibu wake siku nyingi kabla.

Namna walivyosemezana

Ukisoma mazungumzo yao utaona mtindo unaojirudia. Mmoja anataja anachokiona, mwingine anaongeza, wa tatu anapendekeza, na Haynes anafunga. Walipofika kwenye swali la magurudumu yatashushwaje bila haidroliki, Fitch alisema yanaweza kuangushwa kwa uzito wake yenyewe. Records akakumbusha kwamba hata wakigusa ardhi, kusimama kutakuwa shida. Wakaulizana kuhusu breki. Fitch akaeleza kwamba breki zitakuwa za mara moja tu, wakanyage kwa nguvu mara moja na hawatapata nyingine. Papo hapo akasema sasa anawageuza kushoto kurudi upande wa uwanja, na akauliza kama ni sawa.

Swali hilo la mwisho linaonyesha mengi. Vishikio vilikuwa mikononi mwake, ujuzi wa wakati huo ulikuwa wake, na bado aliuliza. Haynes alikuwa ametoa kazi bila kutoa dhamana, na Fitch alikuwa amepokea kazi bila kunyakua dhamana. Hapa ndipo timu nyingi huvunjika. Mkubwa akikasimu, ama anaitupa kazi moja kwa moja na kutoweka, ama anaendelea kumwekea mwenzake mkono juu ya mkono kila hatua. Katika chumba kile, kila mtu alijua aliyeshika vishikio ni nani na mwenye neno la mwisho ni nani, na kwa kuwa jambo hilo lilikuwa wazi hakuna aliyepoteza sekunde kulilinda.

Haynes pia alijua nini hakikasimiwi. Alimwambia mwongoza ndege kwamba vyovyote watakavyofanya, wawaweke mbali na mji. Alijua kuwa ndege inaweza kuanguka wakati wowote, na suala la nani ataumia ardhini halikuwa la kumwachia mwingine. Alikuwa bado na nafasi ya utani pia. Mwongoza ndege alipompa ruhusa ya kutua kwenye njia yoyote ya uwanja, alicheka na kuuliza kama wanasisitiza iwe njia ya ndege kweli. Sioni utani huo kama pambo. Sauti ya mkubwa ikitulia, akili za walio chini yake hupata nafasi ya kufanya kazi.

Kisha sekunde za mwisho. Ndege ilikuwa inakuja kwa kasi ya kama noti 215 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), wakati kutua kwa kawaida ni kama noti 140, na ilikuwa inazama zaidi ya mita nane kila sekunde. Haynes akasema vishikio vya injini vifungwe, yaani virudishwe nyuma kupunguza nguvu. Kwa rubani yeyote hiyo ni hatua ya kawaida kabla ya kugusa ardhi, na maneno yalitoka kwenye kinywa cha mwenye amri. Fitch akakataa. Akasema hawezi kuvirudisha, maana wataipoteza ndege. Hivyo vishikio ndivyo vinavyoigeuza. Kukataa na sababu yake, vyote kwa pumzi moja.

Hakuna aliyebishana. Haynes hakurudia amri kwa sauti ya juu, wala hakumkumbusha nani ni kapteni. Aliyekuwa na hisia za ndege viganjani mwake ndiye aliyesema, na neno lake likasimama. Mara bawa la kulia lilishuka, likagusa ardhi kwanza, ndege ikavunjika, ikabingirika na kuwaka moto. Sehemu ya mbele ilikatika na kuharibika kiasi kwamba waokoaji hawakuitambua mara moja kuwa ni chumba cha marubani. Wote wanne walikutwa hai.

Siwezi kusema kwamba kumsikiliza Fitch katika sekunde ile ndiko kulikookoa watu 184. Hakuna anayeweza kulipima hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kama kungekuwa na ugomvi wa cheo pale, hata wa sekunde tatu, usingekuwa na mahali pa kukaa.

Walijifunzia wapi

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mtu anapataje ujasiri wa kumwambia hapana kapteni ambaye amemjua kwa nusu saa? Huwezi kujibu kwa kusema waliaminiana, kwa maana ya watu waliokula chumvi pamoja. Hawakuwa wamezoeana. Jibu liko miaka kumi na nusu nyuma, na lina maiti ndani yake.

Tarehe 28 Desemba 1978, ndege nyingine ya kampuni hiyohiyo, DC-8 namba 173, ilikuwa ikikaribia Portland. Magurudumu yaliposhushwa palisikika kishindo kisicho cha kawaida, na taa ya kuthibitisha haikuonyesha inavyopaswa. Rubani mkuu aliamua kuzunguka karibu na uwanja kwa takriban saa nzima huku akishughulikia tatizo hilo na maandalizi ya abiria. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Wenzake walitaja hali ya mafuta, lakini kwa upole wa mtu anayemtajia mkubwa jambo ambalo bila shaka mkubwa analijua. Hawakubana. Injini zikazimika moja baada ya nyingine na ndege ikaanguka kwenye kitongoji cha mji. Watu 10 walikufa kati ya 189. Mmoja wao ni mhandisi wa ndege, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvitazama vipimo vile vya mafuta.

Uchunguzi ulisema wazi kuwa rubani mkuu alishindwa kufuatilia mafuta, na kwamba wenzake ama hawakuelewa uzito wake ama hawakumfikishia kwa namna ya kutosha. Kuanzia 1981 kampuni ilianzisha mafunzo kwa marubani wake wote juu ya kufanya kazi kama timu. Makapteni walifundishwa kuuliza na kupokea. Walio chini yao walifundishwa kusema, kusema tena kwa uwazi zaidi, na kutaja hatari kwa jina lake. Mafunzo ya namna hiyo yalienea baadaye kwenye usafiri wa anga duniani kote, na madaktari wa upasuaji wakayachukua kwa vyumba vyao.

Haynes mwenyewe aliposimulia kisa chake kwenye mihadhara mingi miaka iliyofuata, alirudia jambo hili bila kusita. Alisema zamani neno la kapteni lilikuwa ndilo la mwisho, halipingwi, na ndege kadhaa zilipotea kwa sababu hiyo. Alisema chumbani mle mlikuwa na jumla ya miaka 103 ya uzoefu wa kurusha ndege, na hakuna hata dakika moja kati yake iliyowahi kutumika kufanya mazoezi ya kutua kwa namna ile. Kwa nini basi yeye ajione anajua zaidi ya wale wengine watatu?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomfanya Haynes mtu wa kipekee. Unyenyekevu wake ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo tu. Fitch alikuwa amepitia mafunzo yaleyale. Ndiyo maana watu wawili wasiojuana waliweza kuamriana na kukataliana kama waliofanya kazi pamoja tangu ujanani. Kilichofanya kazi siku ile ni kiongozi mzuri ndani ya taasisi iliyokuwa imekubali, baada ya kuzika watu, kwamba ukimya wa wadogo ni hatari ya kiufundi sawa na ufa kwenye chuma.

Nje ya chumba cha marubani

Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliitwa mbele. Haynes alimweleza bila kuzungushazunguka kuwa wamepoteza haidroliki yote, kwamba watajaribu kufika Sioux City na kutua kutakuwa kugumu, na akampa ishara ambayo angeisikia kabla ya kugonga. Akatoka na taarifa kamili, akaipeleka kwa wenzake saba, nao wakaandaa abiria. Kuna viongozi huwanyima watu wao habari mbaya wakidhani wanawalinda. Mhudumu ambaye hajaambiwa ukweli hawezi kumwandaa abiria kwa ukweli.

Sehemu ya kisa cha Brown ni nzito kuliko zote. Kanuni za wakati huo ziliruhusu watoto wadogo kusafiri mapajani mwa wazazi, na maelekezo ya dharura yalikuwa wawekwe sakafuni. Alitoa maelekezo hayo. Watoto wanne walikuwa wa hali hiyo, na mmoja alikufa. Brown alikutana na mama wa mtoto huyo pale pale kwenye mabaki. Miaka iliyofuata aliitumia kudai kwamba kila mtoto awe na kiti chake kwenye ndege. Alifuata utaratibu bila kosa, kisha akaona utaratibu wenyewe ndio wenye kosa, na hakujificha nyuma yake. Ukiniuliza ni nani mwingine aliongoza siku ile, nitamtaja huyo kabla ya wengi.

Uwanjani nako kulikuwa na maandalizi. Huduma za dharura za eneo hilo zilikuwa zimefanya zoezi la ajali kubwa ya ndege mwaka 1987. Hospitali zilikuwa kwenye saa ya kubadilishana zamu, hivyo zamu mbili zilikuwapo. Walinzi wa Taifa walikuwa kazini uwanjani. Ndege ilipojipanga kwenye njia iliyokuwa imefungwa, ambako magari ya zimamoto yalikuwa yameegeshwa, magari hayo yaliondolewa kwa dakika chache zilizobaki.

Haynes aliyahesabu mambo matano yaliyowasaidia: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Bahati aliiweka mbele. Kulikuwa mchana, hali ya hewa ilikuwa njema, na ardhi chini yao ilikuwa tambarare. Hakukubali kuitwa shujaa bila kuwataja wengine, na hakuficha kwamba waliokufa walimwelemea. Alifariki mwaka 2019.

Kinachochukulika kwa anayeongoza timu yoyote

Sehemu kubwa ya kazi za watu haina injini inayopasuka. Hilo halipunguzi uzito wa kisa hiki. Portland haikuanza kwa mlipuko. Ilianza kwa taa moja iliyosoma vibaya na kwa wadogo waliotaja jambo mara moja kisha wakanyamaza. Timu nyingi huharibikiwa kwa mtindo huo. Mradi unachelewa, mtu wa hesabu anajua, anadokeza kwenye kikao, mkubwa anaitikia huku akiwaza jambo jingine, na miezi mitatu baadaye kila mmoja anashangaa.

Kipimo ninachokipendekeza ni kigumu kidogo kuliko kuuliza kama wasaidizi wako wanakupenda. Jiulize kama mgeni aliyejiunga na timu wiki hii angeweza kukuambia hapana mbele ya wengine, akatoa sababu kwa sentensi moja, na kesho yake akaja kazini bila wasiwasi. Wazoefu wako huenda wanakukatalia kwa sababu mnajuana. Mgeni ndiye anayeonyesha kama uhuru huo ni wa timu au ni wa marafiki zako.

Lakini kuna pingamizi la haki: je, kiongozi amsikilize kila mtu? Haynes aliuliza watu waliokuwa na la kujibu. Angekaa na wasiojua kazi, maswali yake yasingezaa kitu. Ni kweli, na ndiyo maana kufundisha watu ni sehemu ya uongozi yenye uzito sawa na kuwasikiliza. Anayewanyima watu wake ujuzi kisha akalalamika kwamba hawana mawazo, amejitengenezea upweke wake.

Pingamizi hilo lina upande wa pili. Tarehe 12 Agosti 1985, ndege ya Japan Airlines namba 123 ilipoteza haidroliki yake yote na ikaanguka, watu 520 wakafa. Fitch aliisoma ajali ile, ikamkaa akilini. Akajiuliza kama ndege inaweza kuongozwa kwa injini peke yake, na akaingia kwenye mtambo wa kuigiza kujaribu. Ujuzi adimu kuliko wote kwa siku ile ulikuwa umeketi nyuma miongoni mwa abiria. Haynes hakulijua hilo alipoletewa habari kwamba kuna mtu anataka kusaidia. Alijua tu kuwa mtu huyo ni rubani mwalimu wa DC-10, na kwamba mikono ya waliokuwamo chumbani haikutosha.